Namna ya Kutafuta Maana, Asili na Kinyume cha Neno "Fair"

Neno la Kiingereza "fair" limetapakaa Dar es Salaam. Limo katika jina la Kiingereza la Maonyesho ya Sabasaba yanayofanyika Barabara ya Kilwa, katika jina la Kiingereza la Tume ya Ushindani, katika ripoti za shule, katika maneno ya watangazaji wa mpira, na hata kwenye makopo ya krimu yanayouzwa madukani. Mwanafunzi anayeulizwa kinyume chake hukimbilia "unfair", jibu ambalo ni sahihi kwa maana moja tu kati ya nyingi. Utaratibu unaofaa ni kuanza na maana, kufuatia na asili, na kuacha kinyume kiwe cha mwisho, kwa kuwa kinyume hutokana na maana iliyokusudiwa wala si na tahajia ya neno.

Ili kuipata maana, tazama nomino inayoandamana na kivumishi hicho. Panapotajwa bei, hukumu, mgawanyo au ushindani, maana ni ya haki, yaani kutokuwa na upendeleo. Ndiyo maana Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inalo neno hilo katika jina lake la Kiingereza, ijapokuwa jina la Kiswahili limeliacha bila kupoteza kitu. Ieleweke kwamba haki hiyo si lazima iwe usawa wa kiasi, kwani mgawanyo wa haki humpa kila mtu anachostahili, hata kama mafungu hayalingani. Zikitajwa nywele au ngozi, maana hugeuka kuwa weupe, na neno "fairness" lililoandikwa kwenye kopo la krimu halihusiani hata kidogo na uadilifu. Ikitajwa hali ya anga, maana ni shwari. Katika ripoti ya shule ni wastani.

Kwa upande wa asili, kamusi ya Kiingereza–Kiswahili iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) mwaka 1996 itakusaidia kupata visawe, lakini historia ya neno itafute katika kamusi ya Kiingereza yenye etimolojia. Hapa pana jambo linalowapotosha wengi: Oxford English Dictionary hupanga maana kwa mfuatano wa kihistoria, ilhali kamusi za wanafunzi kwa kawaida hutanguliza maana inayotumika zaidi leo. Ukifuata historia utafika kwenye neno la Kiingereza cha Kale "fæger", lililomaanisha kitu kizuri, cha kupendeza macho. Kutoka uzuri wa sura neno lilihamia kwenye usafi usio na doa, na kufikia karne ya 14 lilikuwa limeshagusa mwenendo wa haki. Maana ya weupe ilitokana na mapendeleo ya urembo ya Waingereza wenyewe, na Shakespeare aliyachokoza mapendeleo hayo katika baadhi ya soneti zake zilizochapishwa mwaka 1609, alipomsifu mwanamke mwenye macho na nywele nyeusi.

Neno la maonyesho ya Sabasaba ni jingine kabisa, ingawa herufi ni zilezile. Hilo lilipitia Kifaransa cha Kale kutoka Kilatini, ambako "feriae" zilikuwa sikukuu, na kwa sababu hiyo kamusi nzuri huliwekea kidahizo chake, yaani ingizo la peke yake. Kwa bahati tu, asili hiyo inaoana na Sabasaba, ambayo ni sikukuu ya tarehe 7 Julai na kumbukumbu ya kuasisiwa kwa TANU mwaka 1954. Nomino hiyo haina kinyume, na hakuna haja ya kuitafutia.

Sasa vinyume. Kinyume kingine chenye historia ndefu, mbali na "unfair", ni "foul", neno ambalo hapo kale lilimaanisha kilichooza au kichafu, na ambalo mashabiki wa Simba na Yanga wanalipigia kelele kila wiki kwa jina la faulo. Mchezo wa haki hupingana na faulo, na anga shwari hupingana na anga chafu kwa neno lilelile. Vivyo hivyo upepo mwema wa baharini na pepo za mbisho. Kwa nywele, kinyume ni "dark". Kwa nakala safi ya maandishi, "rough". Kwa mwamuzi, "biased". Maana ya wastani haina kinyume kimoja, kwa kuwa imesimama katikati ya ngazi, "poor" ikiwa chini yake na "excellent" juu. Mtihani unaodai kinyume cha maana hiyo umetungwa vibaya.

Kabla ya kuandika jibu, liweke neno ulilochagua ndani ya sentensi ileile ya mwanzo. Sentensi ikipinduka maana bila kuharibika, jibu limefaa. Ikiwa umepata nywele zisizo za haki, rudi kwenye nomino.