Jinsi ya Kupima Utendaji wa Serikali kwa Ukosefu wa Ajira na Mfumuko wa Bei

Juzi nilimsaidia mwanafunzi mmoja kulinganisha serikali mbili kwa fahirisi ya dhiki, kipimo cha mchumi Arthur Okun kinachojumlisha kiwango cha ukosefu wa ajira na mfumuko wa bei. Tulifuata hatua hizi.

Hatua ya 1. Pakua takwimu za kila mwezi kutoka mamlaka rasmi ya takwimu na uzipange katika lahajedwali. Mfumuko uwe wa mwaka, si wa mwezi kwa mwezi.

Hatua ya 2. Jumlisha. Nchini Marekani, Juni 1980, ukosefu wa ajira ulikuwa asilimia 7.6 na mfumuko wa bei takriban asilimia 14.4, fahirisi ikafika 22.

Hatua ya 3. Kagua kiwango cha ukosefu wa ajira kabla ya kukiamini. Hapa niliwahi kupoteza siku nzima, nikitafuta katika takwimu ajira mpya ambazo hazikuwapo. Kwa kipimo cha kimataifa, asiye na ajira ni yule asiye na kazi, anayeitafuta na aliye tayari kuianza. Aliyekata tamaa akaacha kutafuta huondolewa kabisa katika nguvu kazi, yaani jumla ya walio na kazi na wanaoitafuta. Katika nguvu kazi ya watu 100, wasio na kazi wakiwa 10, kiwango ni asilimia 10. Wanne kati yao wakiacha kutafuta, hubaki 6 kati ya 96, yaani asilimia 6.25, ingawa hakuna hata mmoja aliyeajiriwa. Isitoshe, aliyefanya kazi ya kipato kwa saa moja tu katika wiki ya utafiti huhesabiwa kuwa ameajiriwa. Ndiyo maana sitoi hukumu yoyote kabla ya kuangalia pia uwiano wa walioajiriwa kwa watu wote wenye umri wa kufanya kazi, kipimo ambacho kukata tamaa hakuwezi kukipamba.

Hatua ya 4. Gawa vipindi vya uongozi kwa uangalifu, kwa kuwa sera huchelewa kuzaa matunda. Paul Volcker aliteuliwa na Rais Carter wa Marekani mwaka 1979 kuongoza benki kuu ya nchi hiyo, akaacha riba zipande sana; mfumuko ulishuka sana wakati mrithi wake, Reagan, akiwa madarakani, huku ukosefu wa ajira ukipanda hadi kufika asilimia 10.8 mwishoni mwa 1982. Mimi husogeza mwanzo wa kila kipindi mbele kwa mwaka mmoja, na hulitaja hilo waziwazi.

Hatua ya 5. Linganisha mabadiliko kati ya mwanzo na mwisho wa kipindi, kisha uonyeshe vipimo viwili kando kando: 10 na 2 hutoa jumla ileile ya 2 na 10, lakini wanaoumia si walewale.