Kumhamisha mzazi kutoka kabambe hadi simu janja

Aliyezoea kabambe, yaani simu ndogo ya vitufe, miaka mingi hakariri majina ya vitu, hukariri mahali. Kidole gumba chake kinajua kitufe cha kijani kilipo hata stima zikipotea. Simu mpya kutoka Luthuli Avenue, Nairobi, inampokonya mahali pote hapo kwa siku moja. Kazi yako ni kumwekea mahali papya pasipohama. Tenga saa moja na nusu, na uifanye ukiwa umeketi naye.

Kabla ya kutoa laini kwenye kabambe, nakili majina yote kwenye laini. Yaliyohifadhiwa kwenye kumbukumbu ya simu yatabaki huko. Laini ikipunguzwa iingie kwenye simu mpya, usitupe fremu ya plastiki inayobaki; bila hiyo, laini ndogo haitakaa kwenye kabambe tena.

Sasa vitufe vya chini. Tangu Android 10 ya mwaka 2019, simu nyingi zina mtindo wa kurudi nyuma kwa kutelezesha kidole kutoka ukingoni. Mkono unaotetemeka hutelezesha bila kukusudia, ukurasa unapotea, na mzee anaamini ameharibu simu. Ingia Mipangilio, utafute vitufe vya kuongozea (simu nyingine huviweka chini ya mfumo, nyingine chini ya skrini), kisha uchague vitufe vitatu vinavyoonekana daima. Hata ukiruka mengine yote, hili usiliruke.

Maandishi yana vipimo viwili: ukubwa wa herufi, na ukubwa wa kila kitu kwenye skrini. Wengi huvivuta vyote hadi mwisho, na hapo ndipo panapoharibika. Kwenye baadhi ya programu kitufe cha kuthibitisha husukumwa chini, nje ya skrini, wala hakuna mshale wa kumwambia ateremke. Ongeza herufi hatua mbili na vitu hatua moja, kisha fungua kila programu atakayotumia uone kama kitufe cha mwisho kinaonekana.

Kugusa ndiko kunakoumiza zaidi, na kosa si lake. Kioo hutambua umeme mdogo wa kidole, na ngozi ya uzeeni mara nyingi ni kavu, kwa hiyo mguso wa kwanza unaweza kupuuzwa. Naye hubonyeza kwa nguvu na kushikilia, kama alivyofanya kwenye kabambe. Kushikilia kuna maana nyingine hapa: picha za programu huanza kuhama au kufutika. Kwenye mipangilio ya usaidizi, weka muda wa kushikilia uwe mrefu kabisa. Apake mafuta kidogo mikononi, ayafute, kisha aguse na kuachia upesi kama anayepima joto la pasi.

M-Pesa usiibadilishe mapema. *334# hufanya kazi kwenye simu zote mbili, na menyu inabaki ya kuhesabu namba. Akisoma polepole menyu hujifunga; kama hajaweka PIN, aanze upya bila wasiwasi. Kama ameshaiweka, asubiri ujumbe au aangalie salio kwanza, la sivyo pesa zinaweza kutumwa mara mbili. Asome jina la anayetumiwa kabla ya kukubali. Pesa zikienda kwa namba isiyo sahihi, atume ujumbe wa muamala kwa 456 papo hapo.

Kisha, kwenye Play Store, zuia programu zisijisasishe zenyewe. Mwaka 2024 WhatsApp ya Android ilihamisha vichupo vyake, yaani vitufe vya kubadilisha kurasa, kutoka juu hadi chini. Kwa kijana ni jambo dogo, kwa mzee ni nyumba iliyohamishwa mlango usiku. Sasisha wewe mwenyewe mara moja kwa mwezi, ukiwa naye, umwonyeshe kilichohama. Masasisho ya usalama ya simu yenyewe yaache yaendelee.

Mlio uwe mzito, kwa kuwa masikio hupoteza sauti nyembamba kwanza.

Mwisho, weka mikono yako nyuma, apige simu tatu na kutuma shilingi 50 mwenyewe. Akikwama, mwelekeze kwa maneno bila kumpokonya simu. Kabambe ikae kabatini ikiwa na chaji, fremu ikiwa imebandikwa nyuma yake, hadi aseme mwenyewe kwamba haihitaji.