Biskuti za changizo la kwaya: zina maziwa au mayai?

Kwa asiyekula chochote kitokacho kwa mnyama, pakiti ya kiwandani haina shida kukagua: soma viambato. Tafuta maziwa ya unga, siagi, kezini (“casein”, protini ya maziwa), “whey” (nayo ni maziwa), mayai, asali, na E120, rangi itokanayo na wadudu. Onyo kwamba huenda kuna chembe za maziwa linahusu mashine ya pamoja, si kiambato.

Kazi ipo kwa zile za nyumbani, zinazouzwa nje ya kanisa hapa Mwanza bila lebo. Muulize mpishi, si kijana anayeuza: “Mama, umekandia maji au maziwa? Samli au alizeti?” Akijibu majarini, omba kuona kopo, baadhi huwekwa maziwa. Visheti navyo, uliza mafuta yalikaanga nini kabla. Huku ziwani huenda ni samaki, sato.