Kabla Hujaweka Alama ya Kwanza: Namna ya Kuchagua Ramani Shirikishi

Ramani yangu ya kwanza ya mtandaoni ilikuwa ya visima. Nilizunguka miezi miwili na simu mkononi, nikaweka alama 140. Ukiigusa alama unaona kina cha kisima, aina ya pampu na picha. Mwaka uliofuata mama mmoja aliifuata alama ya kijani hadi kwenye pampu iliyokuwa imekufa miezi saba. Alikuwa na madumu mawili, na jua lilikuwa limeshapanda. Alinipigia simu mwenyewe kunieleza, tena kwa upole, na upole wake ndio ulioniumiza.

Kwa hiyo, ukiniuliza leo uchague mradi gani wa ramani, nitakuuliza kwanza: nani ataitunza, na nani ataitumia kuamua jambo?

Chukua karatasi ujaze sentensi hii: "Fulani akiona hiki kwenye ramani, atafanya kile." Huyo fulani awe mtu mwenye uwezo wa kutenda: fundi wa maji, mkuu wa shule, ofisa wa misitu. Ukiandika "jamii itaelimika", bado hujapata mradi. Wengi hupenda kutaja ramani ya kipindupindu ya daktari John Snow, ya London mwaka 1854, kana kwamba ndiyo iliyofunga pampu ya Broad Street, iliyotoa maji yenye ugonjwa. Ukweli ni kwamba Snow alipeleka ushahidi wake kwa viongozi wa parokia, mpini ukaondolewa kesho yake, na ramani ile maarufu ikaja baadaye. Kilichofanya kazi ni hesabu ya vifo iliyowafikia watu wenye mamlaka juu ya pampu. Tafuta kwanza wenye pampu yako.

Sentensi ikishajaa, angalia kama kazi hiyo haijaanza kufanywa na wengine. OpenStreetMap, ramani huria ya dunia nzima mtandaoni, ipo tangu 2004 na yeyote anaweza kuihariri. Baada ya tetemeko la Haiti mwaka 2010 watu waliokuwa mbali kabisa walichora humo barabara za Port-au-Prince kutokana na picha za setilaiti, na waokoaji wakazitumia. Jukwaa liitwalo Ushahidi, lililozaliwa Kenya mwaka 2008, hupokea taarifa za wananchi na kuziweka kwenye ramani. Ukataji wa misitu unafuatiliwa na Global Forest Watch. Mara nyingi mchango wako utafaa zaidi ukiingia kwenye ghala ambalo tayari lina wasomaji. Ila ujue mipaka yake: OpenStreetMap hupokea kitu ambacho mtu mwingine anaweza kufika na kukithibitisha, kama bomba, mtaro au choo cha umma. Malalamiko ya harufu mbaya ya jana usiku hayana nafasi humo. Hayo yanahitaji tabaka lako mwenyewe, yaani alama zako unazoziweka juu ya ramani ile bila kuzipakia ndani yake. Wala usinakili kutoka kwenye ramani ya kampuni ukaipakia huko, leseni haikuruhusu.

Sasa jambo ambalo limevunja miradi mingi niliyoiona: kipimo. Picha za setilaiti za Landsat ni za bure, lakini kila nukta yake hufunika mita 30 kwa 30. Za setilaiti za Sentinel-2 ni mita 10 kwa zile rangi zake kuu, na hupita mahali pamoja kila baada ya siku tano hivi, kama hakuna mawingu. Shamba jipya lililofyekwa ndani ya msitu utaliona. Jalala haramu lenye upana wa chumba hutaliona, hata ukodoe macho namna gani. Hilo linataka miguu na simu. Na simu nayo hukosea mita kadhaa hata mahali peupe, na zaidi katikati ya maghorofa au chini ya miti mikubwa. Ikiwa swali lako ni mtaro upande gani wa barabara umeziba, usiitegemee alama peke yake. Dai picha na maelezo mafupi.

Kisha jiulize nani anaweza kuumia. Kiota cha ndege adimu kikiwekwa wazi, mwindaji naye ana simu. Ndiyo maana iNaturalist, tovuti ambako watu huripoti viumbe walivyoviona, huficha mahali halisi pa viumbe walio hatarini, ikiwaonyesha ndani ya mraba wa nyuzi 0.2 kila upande, ambao penye ikweta ni kama kilomita 22. Waonee huruma hiyo hiyo watu wanaoripoti kiwanda kinachomwaga taka mtoni. Picha ya simu mara nyingi hubeba ndani yake mahali na saa ilipopigwa. Ifute taarifa hiyo kabla ya kuichapisha. Mradi usioweza kumlinda mtoa taarifa mimi huukataa, hata kama wafadhili wameshakubali.

Programu ya kutumia ni swali dogo. Leaflet, programu ya kuonyesha ramani kwenye tovuti, ni nyepesi, takriban kilobaiti 42, na inatosha kwa kazi nyingi. Ijaribu kwenye simu dhaifu kuliko zote ulizo nazo, na usitegemee nyekundu na kijani peke yake, kwa sababu wapo wasiozitofautisha.

Mwisho hesabu watunzaji, kwa majina. Gawanya idadi ya alama kwa idadi yao. Kama mtu mmoja anabebeshwa alama hamsini, punguza alama.

Ramani yangu ya visima bado ipo. Sasa ina visima 31, kila kimoja na mtu anayeishi karibu nacho, na tarehe ya mara ya mwisho kukaguliwa imeandikwa kabla ya kitu kingine chochote. Zikipita siku 60 bila neno, alama hugeuka kijivu yenyewe. Yule mama anatunza vitatu.