Kuchora mwezi wa vitabu vya kale vya Kichina

Usipake anga weusi. Hilo ndilo kosa linaloharibu michoro mingi ya aina hii. Katika vitabu vya kale vya China, vilivyochapwa kwa mbao za kuchonga, mara nyingi za mpeasi, usiku huachwa mweupe kama mchana: nyuso zinaonekana, hata vigae vya paa unaweza kuvihesabu. Kinachomwambia msomaji kwamba ni usiku ni mwezi juu ya ukuta, au mshumaa mezani. Ukimwaga wino, umeupokonya mwezi kazi yake.

Kwenye karatasi ya A5, piga kwa bikari na penseli hafifu duara la upana wa sentimita 2. Chora wingu la mistari miwili mitatu iliyojikunja, lifunike robo ya chini. Futa penseli yote iliyobaki ndani ya wingu kabla ya kushika wino, maana mistari ikipishana mwezi hugeuka gurudumu. Wino upitishe kwa mkono, mstari mwembamba. Upepo mkavu wa Dodoma mwezi wa Agosti na Septemba hukausha wino kwenye nibu. Ifute kwa kitambaa chenye unyevu kila mara, la sivyo mstari utakatika, kisha litadondoka tone.

Mwezi mpevu ni utimilifu na ndugu kukutana. Sikukuu yake ni tarehe 15 ya mwezi wa 8 wa kalenda ya Kichina. Kwa sababu hiyohiyo huwekwa juu ya mke aliye peke yake: duara limetimia, nyumba haijatimia.

Mwezi mchanga ndio unaotuponza. Hapa kwetu, jua likishatua, hulala kama mtumbwi, pembe juu. Beijing iko mbali kaskazini. Kule mara nyingi huinama, tumbo lenye nuru likielekea kulia chini. Chora wa kule.

Ukitaka sungura ndani, duara liwe sentimita 3. Msimamishe chini ya mti, mchi mikononi. Huyu si mjanja wa hadithi zetu. Anatwanga dawa ya kutokufa, kwa hiyo kinu kiwe kidogo, si cha uwele. Mti nao una maana yake: kuvunja tawi lake ni kufaulu mtihani wa serikali. Basi Chang'e, mwanamke aishiye mwezini, akimkabidhi msomi tawi, majani na maua madogo yaonekane wazi. Yakifichwa na mkono wa joho, habari yote imepotea.