Tenda Yako Ikifutiliwa Mbali: Jinsi ya Kuipinga Mbele ya Bodi

Ukipata barua kwamba tenda uliyoomba imefutwa, tazama tarehe uliyoipokea kabla hata ya kusoma sababu. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya Kenya ya mwaka 2015, kifungu cha 167, inakupa siku 14 kulalamika kwa Bodi ya kusikiliza malalamiko ya zabuni, ile ambayo wengi tunaiita PPARB. Siku ya kupokea barua haihesabiwi, lakini wikendi zinahesabiwa. Ukiipokea Jumatatu tarehe 3, siku yako ya mwisho ni Jumatatu tarehe 17. Kazi yangu ni kuandaa makaratasi ya tenda kwa wafanyabiashara wadogo hapa Nakuru, na wengi huniletea barua hizi zikiwa zimelala kwenye simu kwa wiki nzima, wakingoja "mtu wa ndani" awaulizie. Mtu wa ndani hasimamishi saa.

Barua zenyewe huwa fupi. Mteja wangu mmoja, mama mwenye karakana ya samani, aliomba kutengenezea shule madawati katika kaunti ambayo sitaitaja. Akaandikiwa mistari mitatu: zabuni imesitishwa "kutokana na sababu zisizoepukika", asante kwa kushiriki. Alipokuja kwangu alitaka tuieleze Bodi kuhusu mbao zake, mafundi wake na bei yake iliyokuwa chini ya wengine. Nikamwambia hayo yote tuyaweke pembeni. Tenda ikifutwa, swali si kama ulistahili kushinda. Swali ni kama ofisi ilikuwa na haki ya kuifuta, na kama iliifuta kwa njia iliyowekwa.

Majibu yote mawili yako kwenye kifungu cha 63. Kinaorodhesha sababu zinazokubalika: ununuzi umepitwa na sheria au na mabadiliko makubwa ya teknolojia, bajeti haitoshi, hakuna aliyeomba, bei zimezidi za soko, kumegunduliwa kasoro nzito za utawala, waombaji wote hawakutimiza masharti, janga lisilozuilika, vurugu au vita, na ushahidi wa ufisadi wa mwombaji. "Sababu zisizoepukika" haimo. Wala "maslahi ya umma", ingawa maafisa wanaipenda sana.

Hata sababu iliyomo kwenye orodha haitoshi kutajwa tu. Ni lazima ithibitishwe. Wakisema bajeti haitoshi, wakumbushe kifungu cha 53, kinachomkataza afisa kuanza ununuzi wowote kabla ya kuridhika kwamba fedha zimetengwa. Kwa hiyo pesa zilikuwepo siku ya tangazo. Zilienda wapi? Kama kuna bajeti ya ziada iliyozikata, waonyeshe ukurasa wake. Wakisema bei ziko juu, waulize utafiti wa soko ulifanywa lini, na ulikadiria bidhaa zipi. Wakisema wote hatukutimiza masharti, ripoti ya kamati ya tathmini ndiyo itakayosema; dai uambiwe zabuni yako iliangukia hatua gani. "Kasoro za utawala" ndiyo hunitia shaka kuliko zote, kwa sababu inaweza kubeba chochote. Iking'ang'aniwa, omba waseme kasoro gani, nani aliigundua, na kwenye waraka upi.

Upande wa utaratibu una mambo machache, lakini ndiko maafisa huteleza. Kufuta kunaruhusiwa kabla tu ya taarifa ya ushindi kutolewa. Kama mshindi alishaandikiwa barua, kifungu cha 63 hakiwafai tena. Waombaji wote waarifiwe ndani ya siku 14, kila mmoja na sababu yake iliyoandikwa. Ndani ya siku hizo 14 pia, ripoti ya maandishi iende kwa PPRA, mamlaka inayosimamia ununuzi. Ripoti hii huwa imesahaulika au imeandikwa baada ya kesi kuanza, basi iulizie mapema.

Sasa andika ombi. Fomu ya kujaza ipo kwenye Kanuni za Ununuzi wa Umma za mwaka 2020. Ambatisha hati ya kiapo na vielelezo: tangazo la tenda, kijitabu cha masharti, kumbukumbu za siku ya kufungua zabuni, barua ya kufutwa, na ushahidi wa siku uliyoipokea. Barua pepe ichapishwe na tarehe na saa zake zionekane. Korona ilipoingia mwaka 2020, Bodi iliamua mengi kwa maandishi, kwa hiyo usitegemee kwamba utakuja kujieleza vizuri kwa mdomo.

Mambo mawili yamezamisha maombi mazuri kabisa. La kwanza ni kumshtaki asiyefaa. Kifungu cha 170 kinamtaja afisa mhasibu kuwa mhusika wa kesi, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufaa ilishikilia kwamba kumwacha nje kunaua ombi. Huyu si karani wa hesabu. Ni bosi mwenye dhamana ya fedha za ofisi: katibu wa wizara, mkurugenzi mkuu wa shirika, afisa mkuu wa idara ya kaunti. La pili ni kusahau kutaja hasara. Andika waziwazi kwamba umepata hasara, au uko hatarini kuipata, kwa sababu ofisi ilivunja wajibu fulani wa sheria, kisha utaje wajibu wenyewe kwa kifungu.

Jiandae kwa pingamizi la awali, maana litakuja. Wakili wa ofisi atasoma kifungu cha 167(4)(b) na kusema Bodi haina mamlaka juu ya tenda iliyofutwa. Msomee hadi mwisho: kinachokingwa ni ufutaji uliofanywa kulingana na kifungu cha 63. Ili kujua kama ulifuata kifungu hicho, Bodi ni lazima iuchunguze. Mahakama Kuu ilifuata mkondo huo chini ya sheria ya zamani mwaka 2008, katika kesi ya kampuni ya Selex Sistemi Integrati iliyohusu tenda ya mamlaka ya usafiri wa anga. Taja kesi hiyo kwenye aya zako za mwanzo, usingoje mpaka waulize.

Faili ya tathmini hutaiona yote, kwani ni siri. Bodi inaiona, kwa hiyo iombe ilinganishe ripoti hiyo na sababu uliyopewa. Na unachoomba kiwe cha kiasi: barua ya kufuta ibatilishwe, kamati iendelee pale ilipoachia na imalize kwa muda utakaowekwa, gharama zilipwe. Kuomba upewe kandarasi moja kwa moja wakati tathmini haijaisha ni kuwapa upande wa pili kitu cha kuchekea.

Ombi likipokelewa, ofisi huarifiwa na ununuzi husimama. Bodi ina siku 21 kuamua. Huku ukingoja, tazama muda wa uhai wa zabuni yako, yaani siku ambazo bado inahesabika kuwa hai, kwa sababu unaweza kuongezwa mara moja tu, kwa siku zisizozidi 30.

Si kila barua inafaa kupiganiwa. Kama bajeti kweli ilikatwa bungeni na karatasi ipo, okoa ada yako. Hata ukishinda kwa kosa la utaratibu, watairudia barua ileile wakiwa wameipamba. Yule mama wa madawati tulimpigania kwa sababu kaunti ile ilikuwa imetangaza tenda inayofanana na yake kabla wino haujakauka.

Bodi ikikukatalia, una siku 14 kwenda Mahakama Kuu, nayo ina siku 45 kuamua. Kutoka hapo kwenda Mahakama ya Rufaa ni siku 7 tu. Ngazi hizo mbili usiende bila wakili.