Mbio ndefu baada ya miaka 50: mambo ya kuzingatia kabla ya kwenda Moshi

Ikifika Novemba, swali kwenye kundi letu la mbio huwa moja: nani anakwenda Moshi? Kilimanjaro Marathon hukimbiwa mwishoni mwa Februari, kwa hiyo Novemba ndio mwezi wa kuamua. Mimi nina miaka 58, nimekimbia tangu nikiwa na 30, na wenzangu waliovuka 50 nawaomba wakamilishe mambo fulani kabla hawajalipia namba. La kwanza wala halihusu miguu.

Ni moyo. Kijana akianguka ghafla mbioni, mara nyingi hukutwa na hitilafu ya moyo aliyozaliwa nayo. Kwa aliyevuka 35, chanzo kikuu ni mishipa inayolisha moyo kuziba taratibu, na mtu anaweza kuwa na tatizo hilo huku anakimbia kilomita 10 kila asubuhi. Wembamba si kinga. Pima presha, sukari na lehemu, omba na kipimo cha umeme wa moyo. Kama kwenu yupo mzazi au ndugu wa tumbo moja aliyefariki ghafla kabla ya uzee, mwambie daktari hata asipouliza. Kifua kikikubana unapopanda mlima na kikaachia ukisimama, acha mazoezi siku hiyo hiyo uende hospitali. Sisi kila kinachobana kifuani tunakiita gesi, na gesi hiyo imetuzikia watu.

Kama unatumia dawa za presha, nenda nazo mkononi kwa daktari wako. Zipo zinazokufanya ukojoe sana, na kwenye joto la Februari hizo zinakukausha mapema. Zipo zinazoshusha mapigo ya moyo, na ukizitumia, ile saa ya mkononi inayokuonyesha mapigo itakudanganya. Usiache dawa kwa ajili ya mbio. Uliza tu namna ya kukimbia nazo.

Sasa tuje kwenye jambo linaloangusha wengi wetu. Umri haupunguzi mbio kwa kasi tunayoiogopa. Uwezo wa mwili kutumia oksijeni hushuka kwa takriban asilimia 10 kila miaka kumi kwa mtu asiyefanya mazoezi, lakini anayeendelea kujituma anaweza kupunguza mporomoko huo hadi karibu nusu. Kenenisa Bekele wa Ethiopia alikimbia marathoni ya London mwaka 2024 kwa saa 2:04:15 akiwa na miaka 41. Mwaka huo huo Edna Kiplagat wa Kenya alikuwa wa tatu kwenye marathoni ya Boston akiwa na miaka 44. Ed Whitlock wa Kanada alimaliza marathoni ya Toronto ya 2004 kwa saa 2:54:48, na alikuwa na miaka 73! Kinachobadilika haraka kuliko kasi ni kupona. Nikiwa na miaka 35 nilikimbia mbio ndefu Jumapili, na Jumanne nikafanya mbio za kasi. Leo mwili ule ule unataka siku tatu, wakati mwingine nne.

Hili nililijua kwa maumivu. Nilipofika 53 niliendelea kufuata ratiba ya vijana wa klabu. Asubuhi moja pale Coco Beach nikasikia kama nimerushiwa jiwe kwenye shavu la mguu, nikageuka kutazama nani kanirushia. Hapakuwa na mtu. Misuli ilikuwa imechanika, nikakaa wiki saba bila kukimbia. Tangu hapo sihesabu mazoezi kwa wiki. Mzunguko wangu una siku 9: siku moja ya mbio ndefu, moja ya kasi, moja ya mlima, na kati ya kila moja siku mbili za kutembea, baiskeli au mbio za polepole kabisa. Kabla hujajiandikisha, hesabu miezi uliyonayo kwa mizunguko ya aina hiyo. Isipotosha kwa kilomita 42, kimbia 21.

Na jenga nguvu. Misuli hupungua kadiri umri unavyokwenda, na kukimbia peke yake hakuizuii kupungua. Huhitaji jimu. Simama kwenye ukingo wa ngazi, visigino vikining'inia hewani. Panda kwa vidole, kisha shuka taratibu ukihesabu mpaka tatu, mara 12, pumzika, rudia mara tatu. Ikizoeleka, fanya kwa mguu mmoja mmoja, baadaye vaa begi lenye kilo 10 za unga mgongoni. Ongeza kuchuchumaa na kuinuka. Mara mbili kwa wiki inatosha, ila uanze miezi minne kabla.

Sisi wa Dar tunaofanya mazoezi kwenye tambarare, Moshi inatupiga mara mbili. Watu huogopa kupanda kuelekea Mweka. Mimi naogopa kushuka. Unapopanda, pumzi inakulazimisha upunguze mwendo. Unaposhuka hakuna kinachokuzuia, na kila hatua misuli ya mapaja inavutwa huku inajikaza kukushikilia, na ndiyo inayochanika vichembe vichembe. Kesho yake ngazi za nyumba ya wageni unazishuka kinyumenyume. Dawa yake ni kuizoesha mapema: tafuta miinuko, hata Pugu inafaa, ushuke kwa hatua fupi, mara chache mwanzoni, kisha uongeze. Zoezi la mwisho la namna hiyo liwe wiki tatu kabla ya mbio.

Raba za mtumba zinaweza kuwa nzuri, lakini bonyeza sponji ya katikati ya soli kwa kidole gumba. Ikiwa ngumu kama mbao, au ina mikunjo isiyorudi, iache hata kama juu inang'aa. Raba nyingi huisha uwezo kati ya kilomita 500 na 800.

Chakula nitakigusa kwa ufupi. Mwili wenye umri unahitaji protini nyingi zaidi kujijenga: mtu wa kilo 65 mwenye mazoezi mazito alenge gramu 80 hadi 100 kwa siku. Yai moja lina 6. Chai ya rangi na andazi baada ya kilomita 25 ni kujidhulumu. Ongeza maharage, dagaa, maziwa. Kina mama waliokoma hedhi waangalie na mifupa: maumivu ya mguu unayoweza kuyaonyesha kwa ncha ya kidole kimoja yapigwe picha kabla hujaendelea.

Kiu nayo hufifia tukizeeka. Jipime uzito kabla na baada ya mbio ndefu: kilo moja iliyopungua ni karibu lita moja ya jasho, na hapo utajua unapoteza kiasi gani. Lakini usijaze tumbo maji matupu kila kituo, maana chumvi ya damu ikishuka sana inaweza kuua. Na tafadhali, usimeze diklofenaki asubuhi ya mbio ili maumivu yasije. Ukiwa umekaukiwa maji, dawa hiyo inapunguza damu inayofika kwenye figo, na figo za miaka 55 hazina akiba ya kuchezea.

Usiku wa kuamkia mbio, kata kucha, tandaza nguo kitandani, kisha geuza namba ya kifuani. Kwa nyuma andika jina lako, dawa unazotumia, ugonjwa ulionao kama upo, na simu ya mtu wa nyumbani. Andika kwa kalamu isiyofutika kwa jasho. Mimi huanza na simu ya mke wangu.